Disketi Mbili za Mashine ya Katani

Jumatatu, tarehe tisa Novemba, mwaka wa 1987, saa mbili za asubuhi, Mkamburi alifungua kufuli la ghala la shamba la katani lililo kati ya Voi na Ndara, akaketi nyuma ya meza yake na kumngoja mtu wa kwanza mwenye karatasi ya kuombea vitu. Kazi hiyo aliipata miezi saba iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa mwanikaji. Yeye na wanawake wenzake kumi na wawili walizibeba nyuzi mbichi za katani kutoka mtamboni na kuzitandaza juu ya nyaya juani, hadi siku alipopewa cheti cha kujua kusoma katika darasa la ngumbaru, na shamba likaona heri ghala litunzwe na mtu mwaminifu anayeweza kusoma vibandiko.

Mtu wa kwanza siku hiyo alikuwa Mwanzia, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Nairobi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye kalamu tatu mfukoni na usingizi machoni. Alikuwa ameitwa kwa sababu ya mashine mpya ya maabara. Mashine hiyo ilishika kichane cha nyuzi kwa meno mawili ya chuma, ikakivuta hadi kikakatika, kisha kompyuta iliyo kando yake ikaandika kilikatika kwa uzito gani. Katani yenye nguvu hupelekwa ng'ambo kusokotwa kamba, na ile dhaifu huishia kuwa magunia.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema Mwanzia, akasukuma karatasi yake mezani.

Mkamburi aliisoma kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, kwa kuwa hakupenda kutoa kitu kabla ya kusoma mpaka mwisho. "Disketi ya maelezo, moja. Disketi ya laibrari, moja." Akainua uso. "Laibrari ni nini, fundi? Ya vitabu iliyoko Voi naijua."

Mwanzia akacheka. "Hii haina vitabu, mama. Ni amri ambazo waliotengeneza mashine wametutungia tayari. Vuta. Ngoja. Pima. Mimi sizitungi upya, naziita kwa majina yake tu. Sasa ile disketi ya maelezo ndiyo inaniambia kila amri inaitwaje na inataka kupewa nini ndipo ifanye kazi. Nikishaandika maneno yangu, kompyuta inayasaga pamoja na ile laibrari, vile posho mill inasaga mahindi. Unga unaotoka ndio programu."

"Na jiwe likiingia pamoja na mahindi?"

"Mill italia, mama. Utaisikia kutoka huko nje."

Mkamburi akaingia kati ya rafu. Disketi ya maelezo ilikuwa moja tu, akaichukua. Za laibrari zilikuwa mbili, akachukua moja kama kanuni ya ghala ilivyomtaka, akaandika katika daftari, Mwanzia akatia sahihi. Kabla ya adhuhuri fundi alizirudisha zote mbili, akiwa amekwisha kuzinakili katika kompyuta yake, kwa maana vitu vya aina hiyo havikuruhusiwa kulala nje ya ghala. Mkamburi akazipanga mahali pake na kusahau.

Siku ya pili, Jumanne, saa kumi za jioni, wifi yake Elsie alisimama kwenye dirisha la ghala akitweta. Elsie alikuwa mke wa kaka yake Mkamburi na kiongozi wa waanikaji. Mkononi alishika kichane cha katani nyeupe, ndefu, iliyong'aa kama nywele za mzungu.

"Wifi, hebu vuta hii."

"Niivute nifanye nini?"

"Wewe vuta! Umeketi kwenye kiti mpaka umesahau?"

Mkamburi alijizungushia nyuzi vidoleni, akavuta. Hazikukatika. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, nyuzi zikamchana ngozi ya kidole cha shahada, damu ikachomoza.

"Umeona?" alisema Elsie. "Sasa mashine yenu huko maabara imesema hiyo ni mbovu. Thelathini na moja, imeandika. Kichane kizuri hakipungui sitini. Bwana Zephaniah wa maabara ametuambia tunaziacha nyuzi juani mpaka zinaiva kama chapati, ndio maana zinakatika. Amempelekea meneja karatasi. Na meneja amesema tupimwe hadi Ijumaa. Ijumaa ikifika na mashine bado inasema hivyo, sisi kumi na wawili twende nyumbani, walete wengine."

"Lakini mlianika vile vile kama siku zote?"

"Wifi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuanika! Zikigeuka rangi tu tunazitoa. Sasa niambie, jua la Voi limebadilika au mikono yetu ndiyo imebadilika?"

Mkamburi alitazama mkono wake. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu kwa sababu ya nguvu ya nyuzi hizo, na karatasi ya mashine ilikuwa inasema hazina nguvu. Alijifunga kitambaa kidoleni, akashika tama. Amwamini nani, kidole au mashine? Yeye hakuwa mtu wa kudharau maandishi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza, na tangu hapo lililoandikwa alilipa heshima kuliko lililosemwa.

Jumatano alipata sababu ya kufika maabara, kwa kuwa Mwanzia aliomba utepe wa wino wa kuchapia. Aliupeleka mwenyewe. Alimkuta Zephaniah ndani ya koti lake jeupe, mikono nyuma. Huyu alikuwa mzee wa Bura aliyesimamia maabara na ghala pia. Mwanzia alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza, miguu tu ikionekana, anakagua nyaya.

"Ipo sawa!" sauti ilitoka chini ya meza. "Kila waya ipo mahali pake!"

"Si nilikuambia?" alisema Zephaniah. "Mashine ni nzima. Walio wagonjwa ni wale wanawake wa kuanika."

Mwanzia alijitoa, akajipangusa vumbi, akafunga kichane katika meno ya chuma na kubonyeza kitufe. Mkamburi aliruka. Mashine haikuvuta nyuzi, ilizinyakua kwa ghafla kama mwewe anavyonyakua kifaranga, zikakatika *pwaa*, na kalamu ya kompyuta ikaja nyuma ikiandika thelathini na nne.

"Ndivyo inavyotakiwa kuvuta?" aliuliza Mkamburi.

"Hapana, mama. Hapo ndipo kichwa kinaniuma." Mwanzia alimwonyesha karatasi yenye mistari mingi ya maneno ya kompyuta. "Tazama hapa. Nimeiambia, vuta kwa kasi ya tano. Kisha, ngoja arobaini kabla ya kusoma uzito. Tano ni polepole kabisa, mwendo wa kinyonga. Inakimbia hivyo kwa nini? Jana nikapunguza, nikaandika mbili. Unajua ilifanya nini? Haikupunguza mwendo hata kidogo. Iliwahi tu kusoma. Nikabadilisha mota, ikawa vile vile. Nikasaga programu upya mara saba, na kompyuta hailalamiki. Haijalia hata mara moja. Inasema kila kitu ni sawa."

"Basi ni sawa," alisema Zephaniah. "Mashine za siku hizi ni za haraka. Wewe ulitaka ivute kama punda?"

"Bwana Zephaniah, ikivuta kwa ghafla namna hii, nyuzi zinakatika kabla kalamu haijawahi kuandika uzito wote."

"Meneja haulizi habari ya kalamu. Anauliza namba."

Mkamburi alirudi ghalani akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kila mtu alikuwa ametenda haki. Waanikaji walianika vizuri, fundi aliandika vizuri, waya zilishika vizuri, na kompyuta yenyewe ilikubali. Katika maisha yake yote alikuwa hajaona haki nyingi namna hiyo zikikusanyika na kuzaa uongo. Usiku huo alikula bila kujua anakula nini, na mwanawe Crispus alipomwuliza kama mchuzi una chumvi, alijibu, "Ijumaa."

Alhamisi ilikuwa siku ya kuhesabu vitu vya ghala. Mkamburi alianza na misumari, akaja kwenye mikanda ya mota, akafika kwenye rafu ya maabara. Hapo alitoa disketi zote tatu katika bahasha zake, akazilaza mezani, akasoma vibandiko. Ya maelezo ilikuwa na jina la mashine, na chini yake, kwa wino mdogo, 2.0. Disketi moja ya laibrari nayo ilikuwa na jina hilo hilo na 2.0. Ile nyingine ya laibrari, ambayo Mwanzia alipewa Jumatatu, ilikuwa na jina hilo hilo, na chini yake 1.0.

Siku zote alikuwa akiziona namba hizo. Alidhani ni za kuhesabia, disketi ya kwanza na disketi ya pili, jinsi mtu anavyoandika namba kwenye magunia. Lakini kama ni za kuhesabia, mbona ya maelezo ilikuwa ya pili na hapakuwa na ya kwanza? Alifungua daftari la siku za nyuma. Akaona kwamba vitu hivyo vilifika mara mbili, mwaka uliopita na tena mwezi wa Juni. Ya maelezo iliyofika mwaka uliopita ilikuwa imeandikwa imetupwa. Mtunza ghala aliyemtangulia aliiacha dirishani, jua likaipinda kama papadi.

Alizitazama kwa muda mrefu, akahisi kuna jambo, lakini jambo lenyewe lilimkwepa kama sabuni kwenye maji. Saa tisa ilipogonga alizirudisha rafuni, akafunga, akaenda darasani.

Darasa la ngumbaru, ambalo hakuliacha hata baada ya kupata cheti, lilikuwa katika chumba cha mikutano cha shamba. Mwalimu wao, Gertrude, aligawa vitabu vya kusomea. Vingine vilikuwa vya mwaka uliopita, vingine vimefika wiki hiyo, vyote vya jalada la kijani, jina moja na picha moja.

"Fungueni somo la kumi na mbili," alisema. "Danson, tusomee."

Danson, mlinzi wa lango la shamba, alisimama, akasafisha koo kama padri. "Mama — anachota — maji — kisimani."

"Danson, unasoma wapi? Tunasoma habari ya mbuzi."

"Somo la kumi na mbili, mwalimu. Mbuzi hayumo."

"Mbuzi yumo! Amekula nguo ya mjomba!"

"Basi kwangu amekula hata somo lake," alisema Danson, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu alimjia, akaweka vitabu viwili pamoja, akafunua ukurasa wa mwanzo wa kila kimoja. "Aa, nimeona. Hiki ni chapa ya kwanza, na hiki ni chapa ya pili. Wameyapanga masomo upya. Keti, mzee wangu, umesoma vizuri. Nasi pia tumesoma vizuri. Ila namba niliyoitaja inapeleka watu kisimani katika kitabu kimoja, na kwa mbuzi katika kingine."

Wengine waliendelea kucheka. Mkamburi alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mama Crispus, una haja ya kutoka?" aliuliza mwalimu.

"Ndiyo, mwalimu. Niwie radhi. Nina haja kubwa sana."

Njiani kurudi ghalani hatua zake zilikuwa za haraka mpaka alipouona mlango. Hapo zilipungua. Juu ya mlango, kwa rangi nyeupe na kwa mkono wa Zephaniah mwenyewe, palikuwa pameandikwa: CHA ZAMANI KITOKE KWANZA. Ilikuwa kanuni ya ghala, nayo ilikuwa kanuni ya kila nyumba ya milimani. Huwezi kugusa mahindi mapya ilhali ya mwaka jana yangalipo darini, la sivyo bungua hula ya zamani na wewe ukabaki unajisifu kwa mapya. Hivyo ndivyo alivyotoa rangi, grisi, sabuni na misumari. Hivyo ndivyo alivyotoa disketi ya laibrari. Ya zamani ilikuwepo, na mpya ilikuwepo, naye akatoa ya zamani kwanza. Ila ya maelezo ilikuwa mpya peke yake. Fundi alisoma maelezo ya kitabu kipya, na mashine ikatii amri za kitabu cha zamani.

Alijua pia watakalosema. Watasema huyo ni mama wa ngumbaru, amepewa funguo kabla ya macho yake kufunguka. Watasema arudi kuanika. Tena kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza habari ya disketi, na Ijumaa ingepita. Alisimama mbele ya mlango kwa muda wa kusema Baba Yetu mara mbili. Ndipo akamkumbuka Elsie akitembea kurudi nyumbani na wenzake kumi na mmoja, kila mmoja amefunga kitambaa chake cha kazi kwenye ncha ya leso kwa kuwa hakina kazi tena. Akafungua ghala, akachukua disketi yenye 2.0, akaenda maabara.

Mwanzia alikuwa peke yake, ameketi sakafuni, anakunywa chai baridi.

"Fundi," alisema Mkamburi, "nilikupa mbuzi na kisima."

"Mama?"

Akamweleza yote, tangu kanuni hadi darasa. Mwanzia hakucheka. Aliishika disketi, akaisoma, akaisoma tena, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Alifungua kitabu cha mashine kwenye orodha ya mabadiliko, kidole kikatafuta, kikasimama.

"Wamezigeuza," alisema polepole. "Katika toleo la kwanza, amri ya kuvuta inataka muda wa kungoja mbele, kasi nyuma. Katika la pili wakaweka kasi mbele, muda nyuma. Mimi naandika tano, arobaini, nikimaanisha kasi ni tano. Laibrari ya zamani inapokea tano ikidhani ni ya kungoja, na arobaini ikidhani ni kasi! Ndiyo sababu nilipopunguza tano, kilichopungua kilikuwa kungoja. Na kompyuta ilinyamaza kwa kuwa namba mbili ni namba mbili, haijui ipi ni ipi. Ee Mungu wangu. Siku nne!"

"Ni kosa langu, fundi."

"Lako kwa nini? Kibandiko cha ile ya zamani kilipita mikononi mwangu. Lakini nani hutazama alama ya gunia akiwa na njaa?"

Alinakili disketi mpya katika kompyuta, akafuta nakala ya ile ya zamani, akasaga programu mara ya nane. Akafunga kichane. Mashine ilinguruma kidogo, ikavuta polepole, polepole sana, nyuzi zikakaza, zikaimba sauti nyembamba, zikaendelea kushika mpaka Mkamburi akahisi meno yake mwenyewe yanakaza. Zilipokatika, kompyuta iliandika sitini na nane.

Asubuhi ya Ijumaa, mbele ya meneja, Mwanzia alirudia jaribio mara kumi, na hakuna namba iliyoshuka chini ya sitini na mbili. Meneja alikuwa mtu wa maneno machache.

"Nani alitoa disketi isiyofaa?"

"Mimi, bwana," alisema Mkamburi. "Nilifuata kanuni iliyo mlangoni. Sikujua kuna vitu ambavyo cha zamani na kipya havitakiwi kuchanganywa. Sasa najua."

"Na kanuni aliiandika nani?"

Zephaniah alitazama viatu vyake kana kwamba vimeanza kuzungumza. Meneja alisema waanikaji wabaki kazini. Kisha akasema disketi zote zitolewe ghalani zikakae katika kabati la maabara, na ufunguo wa kabati awe nao fundi. Funguo nyingine angeendelea nazo Mkamburi. Alishukuru, akainama, lakini maneno hayo yalimchoma, kwa maana katika kila kitu kilichokuwa ghalani, disketi ndizo alizokuwa amejifunza kuzijua vizuri zaidi wiki hiyo.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nyaya za kuanikia. Elsie alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, maji ya katani yakimtiririka viwikoni.

"Hebu nielewe, wifi," alisema. "Wewe ndiye uliyetaka kutufukuzisha, na wewe ndiye uliyetuokoa, yote kwa wiki moja?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na sisi tukushukuru au tukupige?"

"Amueni wenyewe."

Elsie aliwageukia wenzake, wakapeana macho, kisha akamtupia Mkamburi kifungu kizito cha nyuzi mbichi kilichomlowesha kuanzia kifua hadi miguuni. "Anika!" alisema. "Safu nzima! Ukimaliza tutakuambia tumeamua nini." Wanawake wakapiga vigelegele, na Mkamburi, mtunza ghala, akazitandaza nyuzi juu ya waya na kuzichambua kwa vidole, akianzia mwisho wa safu ambako jua lilikuwa limekwisha kufika.

Nawe uliyeisoma habari hii, bila shaka unamjua mtu anayetunza ghala, kabati la shule au rafu ya dawa. Usiikalie. Mpelekee aisome, na kama hajajua kusoma, msomee, kisha naye amsimulie wa jirani.